Sarafu ya Mizani na Mapazia ya Shangazi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Jino! Gego la chini, upande wa kulia. Limeniamsha kabla ya jogoo na kunipa sababu nzuri ya kutokwenda kazini. Nimemtumia Mkuu ujumbe kwamba leo dawati la vitu vilivyopotea, pale kituo cha mabasi, litabidi lijiendeshe lenyewe. Kajibu kwamba hujiendesha hata nikiwepo. Mtu mkubwa hajibizani.

Daktari wa Meno yuko ng'ambo ya barabara. Chumba chake cha kungojea kina viti sita, dirisha moja, pazia zito la kijani, na ukutani fremu za sarafu. Kumbe ni mtu wa sarafu! Miaka kumi na tano anazikusanya. Fremu moja ina matundu manane na sarafu saba. Nikauliza ya nane iko wapi. Hapo akasahau jino langu kabisa. Akanieleza kwamba ni sarafu ya shaba, ina mizani upande mmoja na maandishi upande wa pili, ya kisiwa kimoja kilichokuwa nchi lindwa zamani, yaani mfalme ni wao, amri ni za watu wa mbali. Kwa mwingine ni kishaba tu. Kwake yeye, ndiyo inayomnyima raha. Akanionyesha picha kitabuni, akasema, nanukuu neno kwa neno: "Atakayeniletea hiyo, achukue gari langu lile."

Gari lile! La bluu, lililofunikwa turubai uani kwake. Linatembea. Nimelisikia kwa masikio yangu likitembea.

Na sarafu hiyo ninaijua! Nilipokuwa mtoto ilikuwa kwenye kopo la Shangazi. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli, kila safari akirudi na vishaba viwili vitatu mfukoni. Hiyo ya mizani nilikuwa nikiizungusha mezani kama pia.

Nimeondoka bila kung'olewa jino. Maumivu yamepoa yenyewe. Gari ni dawa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Siri kwanza. Shangazi asijue, Binamu asijue. Shangazi ni mshonaji wa mapazia na ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mgeni wake wa muda, huu mwaka wa nne, tangu biashara yangu ya miavuli ilipokutana na ukame. Binamu ni mwanawe wa pekee, mpiga picha za pasipoti. Ana pua ndefu, na yote huiingiza kwenye mambo yangu.

Nikamzunguka Shangazi taratibu akiwa kwenye cherehani. Nikasifu mshono. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, zile takataka za kopo la zamani ziliishia wapi. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba alizishona zote kwenye pindo za mapazia, ziwe uzito, pazia likae wima. "Kitu kisichofanya kazi hakikai kwenye nyumba hii," akasema. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sikuuliza pazia lipi. Mwerevu hamwagi mtama penye kuku.

Alipokwenda kupimwa macho (masikini, siku hizi kutunga uzi sindanoni ni kazi ya nusu saa), nikalivamia pazia la sebuleni kwa wembe. Nimepata: nati mbili, kifungo cha koti, na sarafu moja yenye picha ya ndege. Ndege! Nani amemuomba ndege? Nikarudisha kila kitu mahali pake na kuufunga mshono kwa gundi.

Shangazi karudi. Hata hajavua viatu, upepo ukaingia, na nati zikaanza kudondoka sakafuni. Ting. Ting. Pazia likapaa mpaka kwenye taa. Akasema pazia lake limekuwa jepesi kama akili za watu fulani, halafu akauliza kinachonuka gundi ni nini.

Nikasema ni jino.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimelichungulia daftari lake la wateja. Mwaka ule alioanza kutumia sarafu alishona mapazia makubwa matatu tu: la sebuleni kwetu, la ukumbi wa shule ya msingi, na la chumba cha kungojea cha Daktari wa Meno. La Daktari nimelifuta papo hapo. Mtu hawezi kukitafuta kitu miaka kumi na tano nacho kimening'inia dirishani kwake. Mimi ni mtaalamu wa vitu vilivyopotea, najua ninachosema.

Kwa hiyo shule. Nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba nimejitolea kufua pazia la jukwaa kwa moyo wangu wa kupenda watoto. Mama wa watu alikaribia kulia. Nikapanda ngazi, nikavuta. Likaja. Likaja na bomba lake, na mimi, na ngazi. Nikazikwa chini ya pazia jekundu lenye uzito wa ng'ombe wawili. Darasa la tatu walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wao. Wakapiga makofi! Wakadhani mimi ndiye yule mfalme anayepinduliwa.

Nikapiga moyo konde. Humohumo gizani nikatoa wembe na kufumua. Nilipata vipande kumi na vinne vya chuma na ufunguo mmoja. Mizani hakuna.

Mwalimu Mkuu alipouona ufunguo, akapiga ukelele. Ni wa kabati la vitabu, lililofungwa miaka kumi na moja! Wakalifungua palepale. Vitabu vimejaa tele, vipya, vinanukia. Akanikumbatia mbele ya walimu wote, akaniita mfadhili. Furaha yake ni kubwa, lakini haina magurudumu.

Pindo nimelifunga kwa stapla ya ofisi. Nimetumia pini mia mbili na kumi na mbili. Nilipoinua kichwa, nikamwona Binamu mlangoni na kamera yake. Alikuja kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi. Akauliza tangu lini mtu ambaye hajawahi kuosha kikombe akaanza kufua mapazia.

Nikamwambia watu hubadilika. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Binamu kanusa! Asubuhi nimekuta tangazo ukutani mwa duka la dawa: TUNAFUA MAPAZIA BURE. TUNAYAFUATA NYUMBANI. Na picha yake, ukubwa wa pasipoti, masikio yote mawili yanaonekana. Hajui anatafuta nini, anajua tu kwamba mimi natafuta. Hadi saa nne ameshakusanya mapazia ya nyumba tano. Mtaa mzima madirisha yako uchi. Bibi wa nyumba ya kona kaniuliza mimi na ndugu yangu tuna nini.

Kazini sikufanya kitu. (Mkuu anasema hakuona tofauti.) Nikatumia siku nzima kufikiri, na saa tisa na robo likanijia wazo la kutisha kwa uzuri wake. Binamu lazima apelekwe mbali na ukweli, mahali ambapo hakuna kitu kabisa. Nikaandika kikaratasi: Sarafu ya shaba, ya mizani. Imo kwenye pazia la Daktari wa Meno. BINAMU ASIJUE. Nikakiangusha kwenye kaunta ya studio yake nikijifanya nimekuja kuuliza saa.

Ameingia mtegoni mzimamzima! Nimechungulia dirishani nikamwona akikisoma mara tatu.

Kesho nitakwenda kumtazama akiaibika. Jino litanipa kisingizio.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika kwa taabu. Nusu ya uso wangu haipo, yaani ipo ila siisikii.

Nilifika kwa Daktari saa tatu. Binamu alikuwa ameshaketi karibu na dirisha, gazeti mkononi, mkasi ndani ya gazeti. Nikamwamkia kwa heshima zote. Nikajiandaa kuketi nifaidi. Daktari akatokea, akasema leo sitoroki tena. Nikamwambia jino limepona. Akanigusa shavu. Niliruka hadi nikamwangushia miwani. Akasema lione hilo lililopona, akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Sindano ya ganzi. Pamba. Koleo. Nikiwa nimelala hivyo, mdomo wazi kama mlango wa banda, nikasikia kutoka chumba cha kungojea: kwiri, kwiri, kwiri. Mkasi. Nikafurahi moyoni. Kisha kimya. Kisha sauti ya Binamu, sauti ambayo sijaisikia tangu timu yake ichukue kombe:

"Mizani! Ina mizani!"

Nikapiga kelele. Nilichotaka kusema ni "Hiyo ni yangu!" Kilichotoka ni "Hiho hi hahu!" Daktari akadhani inauma, akavuta kwa nguvu. Likatoka. Akakimbilia nje na koleo, na jino langu bado likining'inia kwenye koleo, na mimi nyuma yake na kile kitambaa cha kifuani.

Pale dirishani, Binamu kashika sarafu juu. Ndiyo hasa! Nyekundu ya kahawia, nzima, mizani imesimama kama imechorwa jana. Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Akasema amekuwa akilisogeza pazia hilo kila asubuhi, kila jioni, miaka yote hiyo.

Ugomvi ukaanza. Binamu anasema aliyeiona ndiye mwenyewe. Mimi nasema (kwa kuandika, nyuma ya kadi ya miadi) kwamba aliyemtuma ndiye mwenyewe. Daktari, mtu mwadilifu hadi anachosha, akasema si yetu wala si yake, aitwe aliyeishona.

Shangazi kaja na mkoba wake. Akalitazama pindo kwanza. Akauliza ni nani aliyekata kama panya. Tukanyosheana vidole. Akaichukua sarafu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, karibu kabisa na jicho, akaipapasa kwa kidole gumba. Akasema mumewe alirudi nayo kutoka safari yake ya mwisho, na yeye akaichagulia dirisha hili kwa sababu lina upepo kuliko yote, na hii ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Akasema yuko radhi Daktari aichukue, maana sasa imepata wa kuitazama. Ila pazia linataka uzito mwingine badala yake.

Daktari, machozi yanamtoka, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa gari. Shangazi akaupima kiganjani.

"Huu unatosha," akasema, akautia mkobani. Pindoni akashona bolti.

Njiani nikamuuliza, kwa nusu ya mdomo, kama alijua siku zote sarafu iko wapi. Akasema bila shaka. Akasema macho yake ndiyo yanayofifia, kumbukumbu hazijambo. "Na wewe mwanangu ungeniuliza tu. Kuuliza si ujinga."

Jumapili, tarehe 10 Machi

Gari liko mlangoni. Bluu. Zuri. Shangazi akauliza nani ana leseni. Binamu akatoa yake. Mimi leseni nilikuwa na mpango nayo. Kwa hiyo Binamu atampeleka mama yake kliniki ya macho kila wiki, na kwa wateja, na popote. Mimi nitakaa nyuma, nikumbatie majora ya vitambaa.

Isitoshe, nimepewa sindano. Pindo zote zilizofumuliwa mtaani, za kwangu na za Binamu, nizishone upya. Kwa mkono. Gundi marufuku. Stapla marufuku. Binamu hashoni kwa sababu ni dereva.

Nimekaa na Shangazi sebuleni mchana kutwa. Mimi namtungia uzi, yeye ananionyesha namna ya kuficha mshono. Kusema kweli haikuwa mbaya. Alinisimulia juu ya marehemu, jinsi alivyokuwa akimwandikia barua kutoka kila bandari, barua zenye madoa ya mafuta ya kupikia. Barua anazo zote, amezifunga kwa utepe. Bahasha hakuweka. Alizikata akazitia ndani ya kola za mashati aliyotushonea mimi na Binamu, zikae ngumu.

Nikajichoma kidole.

Bahasha! Za ng'ambo! Na juu ya kila bahasha hubandikwa nini?

Sikuuliza neno. Ukiuliza, unajulikana.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mashati sita. Kola sita nimezifumua. Atakayesema karatasi hufia majini, na kwamba mashati hayo yamefuliwa miaka kumi na kitu, huyo hana imani. Nimepata uji mkavu wa karatasi, na kwenye shati la sita pembe ya kitu chenye meno meno pembeni. Meno! Ni stempu, au ilikuwa. Kumbe zipo!

Nimekwenda kazini bila kola. Mkuu kaniuliza. Nimemwambia ndiyo mtindo. Kasema nikae nyuma ya kabati.

Sasa limebaki shati moja tu duniani lililoshonwa na Shangazi zama hizo. Lile jeupe la Binamu, analovaa akiwa na wateja, na halijafuliwa mara nyingi kwa sababu ni mchafu wa asili. Jioni nimepita studio. Nikamwambia kwa upole, kama ndugu kwa ndugu, kwamba shati lake lina doa nyuma ya shingo, alivue nikamfulie.

Akaniangalia. Akafunga kifungo cha juu.