Shemeji Nyuma Yangu na Kamera

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Kwako Chiriku, mke wangu,

Nimejiandikisha! Mashindano ya picha, studio ya pale kona. Mada itabandikwa mlangoni Jumamosi saa mbili asubuhi. Picha tatu, mwisho saa kumi na mbili jioni. Mshindi atasafishiwa na kukuziwa picha moja kuukuu. Nitapeleka yako, ile moja niliyobaki nayo, iliyonyeshewa. Jicho la kushoto limeshafutika. Ndilo lililokuwa likitangulia kucheka.

Kumbe na dada yako kajiandikisha. Nimemuuliza anataka kusafishiwa picha gani. Eti, "Utaiona, shemeji." Utaiona! Mtu mwenye nia njema hujibu hivyo?

Ijumaa, tarehe 6

Kaja bila kualikwa. Kaiona kamera, akasema saa ya ndani yake haijawekwa na waamuzi wataikagua, nimpe airekebishe. Nikaifunika kwa mtandio wako. Airekebishe au aiharibu? Alipoondoka nimeiweka mwenyewe. Redio iliposema saa kumi jioni, nami nikaandika kumi kamili. Kazi ya dakika moja.

Jumamosi, tarehe 7

Mada: "Kusubiri." Hiyo naijua.

Kwanza nikamtega. Nikabeba mkoba mtupu wa kamera hadi sokoni, polepole, ili anifuate. Nimezunguka saa nzima. Hakunifuata mtu. Alikuwa kliniki, kupima presha. Ndivyo anavyodai.

Kuanzia saa tano nikapiga picha zangu. Fundi viatu anasinzia mbele ya kiatu kimoja. Foleni ya bombani. Mwisho kiti chako cha mlangoni, ulipokuwa ukikaa kunisubiri na kujifanya unachambua mchele. Saa saba u nusu nimemaliza. Nimegeuka, dada yako huyo getini, kamera usoni! Ananiibia mawazo mchana kweupe.

Jumapili, tarehe 8

Nimeondolewa! Mwenye studio katangaza mbele ya watu kwamba kwa saa ya kamera yangu, picha zote zilipigwa asubuhi kabla mada haijatolewa. Kaniuliza, "Mzee, jua hili la utosini ulilipata wapi alfajiri?" Watu hoi kwa kicheko. Kumbe kamera huanza kuhesabu saa usiku wa manane, na saa kumi yetu ya jioni yenyewe huiita kumi na sita. Nikamwambia kamera ndiyo yenye makosa. Hakukubali.

Dada yako kashinda. Picha yake ni mimi, nimechuchumaa mbele ya kiti kitupu. Sikujua kwamba nilikaa pale muda wote ule.

Jumatano, tarehe 11

Dada yako kaja na bahasha. Ndani, picha kuukuu aliyoitunza yeye, imesafishwa na kukuzwa; nakala nyingine kasema kabaki nayo. Ni wewe, Chiriku. Macho yote mawili. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akajibu kwamba ningemwamini lini, tena wewe ulikuwa dada yake kabla hujawa mke wangu. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Baadaye nimekaa nikafikiri. Wema wote huu wa nini? Na kwa nini kabaki na nakala? Kuna jambo. Mashindano mengine ni mwezi ujao. Nimejiandikisha kwa siri, na safari hii nitamtega vizuri zaidi.

Huko ahera uliko, unikumbuke. Mimi kwanza, yeye baadaye.