Kitambaa Changu na Tarumbeta la Besi

Nimeumbuka leo, ndugu zangu. Si kule kuumbuka kwa kuteleza sokoni ukainuka na kujipangusa matope. Nimeumbuka kwa projekta, mchana kweupe, ukutani, nikiwa na ukubwa mara tatu ya huu nilionao.

Kwa wasionijua, mimi ni Gasto, muuza mbegu za viazi hapa Njombe, na ni shabiki wa Baridi Kali, ile bendi ya rock ya Makambako. Nimesema shabiki, sikusema msikilizaji. Nina jaketi jeusi la ngozi (haijawahi kuwa ngozi ya mnyama yeyote, lakini ni jeusi), na mgongoni nimeandika GASTO kwa rangi nyeupe iliyobaki nilipopaka mlango. Nilikuwa pia na kitambaa cheusi cha kichwani. Nilikuwa nacho. Tutafika huko.

Miezi miwili iliyopita Baridi Kali walifanya onyesho Makambako pamoja na orkestra. Ndiyo, orkestra! Watu arobaini kwenye viti: wapiga matarumbeta wa Kilutheri kutoka Makete, mabinti wa fidla kutoka misheni ya Wakatoliki, na mwalimu mmoja mwembamba amesimama mbele anapunga kijiti. Onyesho lote likarekodiwa video. Tawi letu la mashabiki hapa Njombe lina watu kumi na tisa, lakini ulikuwa msimu wa kung'oa viazi, wenzangu wote wakawa shambani. Nikaenda peke yangu.

Kesho yake asubuhi naamka, grupu la tawi linawaka moto. Watu hawakuwepo, lakini wamekasirika kuliko kama wangekuwepo.

"Rock na fidla wapi na wapi?"

"Wametuuza hawa!"

"Gasto, wewe ulikuwepo. Tuambie."

Nikaishika simu. Nikaona aibu kusema kilichotokea. Basi nikawarekodia sauti ya dakika saba (saba! nani alinituma?) ambayo kiini chake ni hiki: "Ndugu zangu, nimevumilia nyimbo mbili. Wa tatu ulipoanza nikainuka, nikavua kitambaa changu, nikakitupa jukwaani kwa hasira, nikawaambia chukueni hicho mkafutie matarumbeta yenu. Nikatoka nje. Sikugeuka."

Jamani, nilipendwa! "Mwamba!" "Jabali la Njombe!" Mmoja aliniandikia kwamba ameisikiliza sauti ile na mkewe. Katika wiki moja nikawa mgombea wa uenyekiti wa tawi, na sera yangu ni moja tu: tuwaandikie bendi barua ya kuwataka waiache orkestra, la sivyo tawi zima linajitoa. Barua niliitunga mwenyewe. Rafiki yangu Lusungu, fundi pikipiki, akajipa kazi ya kuninadi. Mpinzani wangu alikuwa Zawadi, fundi cherehani wa Mjimwema, ambaye sera yake ilikuwa, "Tuitazame kwanza hiyo video, halafu ndio tukasirike." Tulimcheka sana.

Bendi wakatuletea video kabla haijatoka. Ikapangwa leo, saa nane mchana, kwenye ukumbi pale Mjimwema: kutazama kwanza, kura baadaye, halafu kusaini barua. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Siku ile ya onyesho kamera nilizihesabu. Zilikuwa tatu, zote zimemng'ang'ania mwimbaji, na chochote kingine nilijua watakikata.

Leo nimeingia ukumbini nimevaa jaketi langu na masweta mawili chini yake, maana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Watu kama sitini, pamoja na wake, waume na majirani waliosikia kuna chai na maandazi. Nikakaa mbele kabisa. Mgombea hakai nyuma.

Taa zikazimwa, mapazia yakafungwa, video ikaanza. Wimbo wa kwanza, nikaanza kazi.

"Oneni! Rock gani watu wamevaa tai?"

Wakacheka.

"Yule wa fidla pale anasinzia!"

Wakacheka tena. Wimbo wa pili nikasimama kabisa, nikanyoosha kidole ukutani. "Gita liko wapi? Mnalisikia gita?" (Gita lilikuwa linasikika vizuri sana. Hakuna aliyenisahihisha.) Lusungu akapiga meza na kuitikia, "Halisikiki!" Nikajiona nimeshakuwa mwenyekiti. Nilikuwa naona hata muhuri.

Wimbo wa tatu ukaanza. Fidla taratibu, kisha tarumbeta la besi, lile kubwa linalomzunguka mpigaji mwili mzima, likaingia kwa chini. Nikageuka kuwatazama wapiga kura wangu.

"Hapa sasa. Hapa ndipo nilipotoka. Bahati mbaya kamera hazikugeuka, mngeniona mgongo."

Kamera ikageuka.

Kumbe zilikuwa nne! Ya nne ilikuwa nyuma ya ngoma, imefichwa, na inatazama watu. Nikaona safu ya kwanza. Nikaona bibi mmoja aliyejitanda kitenge cha kijani. Na pembeni ya bibi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi, nikaona mtu analia.

Sisemi kwa kujisifu, lakini kuna kulia kwa kiume, unabana meno, chozi moja linashuka, unasingizia vumbi. Huyu hakuwa hivyo. Huyu mdomo ulikuwa wazi. Kamasi zilikuwa njiani. Alikuwa anatikisa kichwa na kusema kitu, na midomo ilisomeka ukumbi mzima: "Mama yangu. Mama yangu mimi." Bibi akachomoa ncha ya kitenge, akampangusa pua kama mtoto wa chekechea.

Mtu huyo, wapendwa, ni mimi.

Nilisikia mtu anatafuna andazi. Na mimi bado nilikuwa nimesimama mbele, kidole bado kimenyooka ukutani.

Ingeishia hapo ningejitetea. Ningesema nilikuwa na msiba. Lakini mimi nilikuwa nakijua kinachofuata, na nikaanza kuomba umeme ukatike. Umeme wa Mjimwema, ambao hukatika nikiwa nanyoa ndevu, leo ulikuwa imara.

Mnajua desturi yetu. Mtu akiimba vizuri, au akipiga ala vizuri, hukai tu ukatazama. Unainuka, unamfuata pale alipo, unamfuta jasho. Mama zetu wanafanya hivyo kanisani tangu hatujazaliwa, Wakatoliki na Walutheri sawasawa. Lakini wanafanya mama zetu. Na wanafanya kwaya ikiimba, si kwenye onyesho la rock, na si mtu mwenye jaketi lililoandikwa GASTO.

Kwenye ukuta, Gasto akainuka.

"Kaa chini wewe!" nilimwambia kwa sauti. Hakukaa.

Alikwenda kwa ule mwendo wa mama zetu siku ya Pasaka, hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yanayumba. Akapanda jukwaani. Akampita mwimbaji wa Baridi Kali, ambaye nimemshabikia miaka tisa, bila hata kumtazama. Akawapita mabinti wa fidla. Akachepuka, akaenda nyuma kabisa, kwa mzee wa tarumbeta la besi ambaye mashavu yake yalikuwa yamejaa upepo. Akavua kitambaa cheusi kichwani. Akamfuta paji la uso. Akamfuta shavu la kulia. Akamfuta la kushoto. Na aliyeitengeneza video hiyo (Mungu anamwona) akapunguza kasi hapo, ili kila mtu aone vizuri.

Halafu nikamfunga mzee kitambaa shingoni. Halafu nikapiga goti.

Ukumbi ukapasuka! Watu walicheka mpaka mwingine akatoka nje kupumua. Lusungu hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa masikitiko, kama anayetazama pikipiki ya mteja ikiungua. Katikati ya kelele zile nikaisikia sauti ya Zawadi, ya upole kabisa:

"Kaka Gasto, mgongo wako ndio huo?"

Nikasema kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kusema maishani. Nikasema, "Huyo si mimi. Tunafanana tu."

Na ili kuonyesha kwamba nimekasirika kwa kusingiziwa, nikawageuzia mgongo nitoke. Mwanga wa projekta ukanipiga mgongoni. Ukumbi mzima ukasoma kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "GAS-TO!"

Nikakimbilia mlangoni. Nikaufungua. Na mlangoni, amesimama na koti refu na mfuko wa plastiki mkononi, alikuwa mzee wa tarumbeta la besi.

Naomba mniamini. Yeye mwenyewe. Kumbe Zawadi ana shangazi yake Tandala, huko huko Makete, na kupitia kwa shangazi alikuwa amewaalika wapigaji waje kujitetea kabla hatujawapigia kura. Waliobaki hawakuweza kuja. Huyu alikuja, na gari limemchelewesha.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu.

"Kamwene, mzee," nikajibu, nikitafuta nafasi ya kupita pembeni yake. Haikuwepo. Mzee wa besi si mwembamba.

Akanitazama usoni, akatabasamu. "Ni wewe! Nilijua nitakukuta." Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kitambaa changu. Kimefuliwa. Kimepigwa pasi. Kimekunjwa pembe nne na kinanukia sabuni. "Mke wangu amekifua kwa mikono yake. Alikataa mtu mwingine asikiguse."

Kicheko nyuma yangu kikaanza kupungua.

"Nimepuliza besi miaka arobaini," mzee akaendelea. Hakuwa anahutubia, alikuwa ananiambia mimi. "Harusi, mazishi, Krismasi. Kina mama wanainuka, wanawafuta waimbaji. Wakizidi sana wanawafuta wenye matarumbeta ya mbele. Sisi wa besi tunakaa nyuma, hakuna anayefika. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza, leo je? Namwambia, leo pia hapana. Siku ile nilirudi na hiki shingoni. Hakuuliza."

Ndugu zangu, mimi sijui nyie mngefanya nini. Mimi nilianza tena. Mdomo wazi. Bila bibi wa kunipangusa.

Mzee akachungulia ndani, akaona watu, akaona barua mezani. "Nasikia leo mnapiga kura mtuondoe. Wewe uko upande gani?"

Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia mpaka Makambako. Wapiga kura kumi na wanane walikuwa wananisubiri, na wengi wao, kama ningesema neno moja la kishujaa, labda wangenisamehe. Uenyekiti nilikuwa nautaka, sifichi. Nilikuwa sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata cha maji ya mtaa.

"Niko upande wa besi, mzee," nikasema. "Nilikuwa huko tangu mwanzo. Nilidanganya. Nilishindwa kusema kwamba nililia."

Zawadi akamletea mzee kiti na chai, akarudisha video nyuma, tukautazama wimbo wa tatu upya, kimya, mpaka mwisho. Safari hii waliolia walikuwa wanne. Mmoja alikuwa Lusungu, ingawa anasema ni moshi wa mafuta ya maandazi.

Kisha kura. Zawadi kumi na nane, mimi moja. (Na si mimi niliyejipigia. Lusungu anasema alishaahidi na hawezi kurudi nyuma.) Barua niliichana mwenyewe, wakanipigia makofi yale ya kumpongeza mtoto aliyemaliza uji.

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti mpya ilikuwa kunipa cheo. Mbele ya mzee, mbele ya watu sitini, nimeteuliwa kuwa Mfuta Jasho Mkuu wa tawi. Onyesho lijalo naanzia safu ya nyuma, na nimeambiwa nije na taulo.

Ile sauti yangu ya dakika saba nimejaribu kuifuta jioni hii. Nimekuta mtu ameshaiunganisha na picha zangu nikipiga goti, na imefika mpaka kwa mama mdogo aliyeko Bulongwa, ambaye amenipigia simu kuniuliza kama naumwa.

Video yenyewe inatoka wiki ijayo. Najua mtacheka, siwezi kuwazuia. Chekeni mpaka nifike jukwaani. Nikishafika kwa yule mzee, nyamazeni kidogo, mke wake naye atakuwa anatazama.