Samaki Mwenye Kofia Ni Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeibiwa! Leo sokoni nimeona pakiti za omena, dagaa wa ziwani, za muuzaji mwenzangu Debra wa Usenge. Zina picha ya samaki aliyevaa kofia. Kofia! Hiyo ni alama yangu mimi, Zadock wa Nyalenda, tangu mwaka juzi. Nimeandika barua ya onyo, nakala tisa: moja ya Debra, nane za maduka yanayouza omena wake. Acheni ndani ya siku tatu, la sivyo jela! Barua bila muhuri nani ataiheshimu? Nimegonga wa kamati yetu ya matanga. Mimi ndiye katibu. Imependeza mno!

Jumanne, 4 Machi
Mzee Oluoch wa duka la kona amekuja kwa huzuni na kilo mbili za sukari, akauliza ni nani ametuacha. Kumbe ameona muhuri tu! Nimemweleza kwamba hakuna aliyekufa, ila yeye anakwenda jela. Ameondoka na sukari yake.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama Salme amenirudishia pakiti zangu zote. Duka lake ndilo pekee linalouza omena wangu. Lakini anauza na za Debra, kwa hiyo nilimpelekea onyo. Amesema hafanyi biashara na mtu wa vitisho. Sasa nitauza wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa wakili Naeema, naye ameuliza cheti cha usajili wa alama kiko wapi. Nimesema fomu iko chini ya godoro, nimeijaza vizuri sana. Amefumba macho. Amesema bila usajili nisitishe watu kiholela, maana aliyetishwa bure anaweza kunishtaki mimi! Tena huanzi na wenye maduka, unaanza na mtengenezaji. Na jela si yangu kugawa. Niombe msamaha kwa maandishi, leo hii.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Barua yangu ya msamaha kwa wote tisa ni tamu ajabu. Mama Salme amefuta machozi, amerudisha omena wangu kwenye rafu, tena karibu na mlango. Nimeokoka!

Jumapili, 9 Machi
Siamini! Debra ametoa nakala ya barua yangu ya msamaha na kuibandika mezani pake sokoni. Wateja wanaisoma kwa sauti, wanashika mbavu, kisha wananunua kwake. Bila ruhusa yangu! Maneno niliyatunga mimi. Huo ni wizi wa kazi ya mtunzi! Nimeshaandika onyo, nakala ishirini, moja kwa kila aliyecheka. Ya Mama Salme nitampelekea mimi mwenyewe kesho asubuhi, maana yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.