Daktari wa Macho ya Makarani

Manjonjo hakuingia ile ofisi kuiba. Alipanda ngazi kukwepa mvua, na alipokuwa amesimama mlangoni akikamua shati, akaona jambo lililomfurahisha kuliko jua: chumba kizima cha makarani wameinamia kompyuta, na kila mmoja anafikicha macho. Huyu anapepesa kama aliyepulizwa moshi, yule pua yake inakaribia kugusa kioo. Dirishani, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Bibi Karani alikuwa anadondosha dawa jichoni kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kuandika.

"Poleni na kazi," akasema Manjonjo. "Macho yanasumbua?"

"Yanawaka, na yanatoa machozi bila msiba," akajibu Bibi Karani. "Jioni kichwa kinauma mpaka wajukuu nawaona wawili wawili. Na wewe ni nani?"

Manjonjo akameza mate, akatazama zile kompyuta mpakato, nyembamba, rahisi kubebeka.

"Daktari," akasema.

Ni haki tuseme kwamba mtu huyu hakuwahi kutibu hata kuku. Lakini mjini cheti ni ulimi, na ulimi wake ulikuwa umehitimu zamani.

Kesho yake akarudi na koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, limefuliwa mara mbili. Nyuma yake alikuja shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Moja kwa moja wakaenda kwa bosi, ambaye kwa ugumu wa mkono wake makarani walimwita Birika, ingawa si mbele yake.

"Wafanyakazi wako hupumzisha macho?" akauliza Manjonjo.

"Macho hayabebi zege," akasema Birika. "Yapumzike kwa kazi gani?"

"Ndiyo maana wanakosea tarakimu. Nikiwatibu leo, watatazama vioo kutwa nzima bila kuomba ruhusa ya kunywa maji."

Birika akaegemea kiti. Maneno hayo yalimwingia kama mafuta kwenye bawaba.

"Na gharama?"

"Mara ya kwanza ni bure."

Bosi akasimama, akafungua mlango mwenyewe.

Manjonjo akawaeleza makarani kuwa mwanga wa kompyuta huvuta macho hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo lazima zitolewe zote nje ya chumba. Makarani wakazibeba wenyewe hadi kwenye ukumbi wa ngazi, wakampa shemeji mkononi, na wengine wakamshukuru.

"Na zile za stoo, daktari?" akauliza Bibi Karani kwa upole. "Nazo zina mwanga."

"Hasa hizo," akasema Manjonjo, moyo ukimruka. "Mama, wewe una akili."

Kisha akawaketisha, wakafumba macho na kuyafunika kwa viganja. Birika naye akafumba, asije akapitwa na kitu cha bure.

"Pumueni taratibu," akasema Manjonjo kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Anayefumbua kabla sijasema, tiba inamrudia vibaya."

Chumba kikatulia. Mtu mmoja akaanza kukoroma, naye alikuwa Birika. Manjonjo akavua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi. Chini gari la shemeji lilikuwa tayari linanguruma.

Mwenye duka la kompyuta kuukuu akaiwasha ya kwanza, akacheka. Kioo kilikuwa kinatetemeka kama mgonjwa wa homa. Ya pili ilikuwa na giza la jioni, ya tatu mistari.

"Hizi bosi mwenyewe alishaniletea, nikazikataa," akasema. "Ukinipa bure, utanilipa gharama ya kuzitupa."

Shemeji akaondoka na gari lake bila kuaga. Manjonjo hakukata tamaa. Akajifungia chumbani na ule mzigo, akawa anajifunza ufundi wa kuzitengeneza kwa kutazama video kwenye kompyuta hizohizo zinazotetemeka, asubuhi hadi jioni, mpaka mboni zikawa kama zimetiwa mchanga na herufi zikaanza kuogelea.

Ndiyo sababu alijikuta kwenye benchi la kliniki ya macho, kitambaa usoni. Mtu akaketi kando yake.

"Shikamoo, daktari," sauti ikasema.

Manjonjo akainua kitambaa. Bibi Karani alikuwa anatabasamu, macho meupe, maangavu.

"Nimekuja kupimwa mara ya mwisho," akasema. "Birika aliona haya kwenda polisi. Angewaambia nini, kwamba alimkoromea mwizi? Kazi za wateja zilikuwa salama kwenye mtandao, lakini zilikuwa zinasubiri, akalazimika kununua kompyuta mpya, vioo vikubwa vilivyotulia. Na sasa tunapumzika kila saa, maana siku ile, alivyosema mwenyewe, alilala usingizi ambao hajaupata tangu aoe."

Manjonjo akamtazama kwa shida, machozi yakimtiririka.

"Mama, wewe ulifumba macho siku ile?"

"Moja. Jingine nilikuwa nakuangalia unavyovua viatu."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

Bibi Karani akamfuta shavu kwa ncha ya kitambaa, kama mama.

"Mwanangu," akasema, "nani humpigia kelele mzoa taka?"