Kugeuza Kazi za Msiba Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimemficha mke wangu Sikuzani mambo mawili. Moyo wangu umechoka, daktari hakuzungusha maneno. Na mazishi yangu nimeyapanga mwenyewe kwa kompyuta, nizikwe kwetu Mandawa bila vurugu. Mwalimu wa hesabu hazikwi kiholela! Kushoto nimeandika jina, ndilo ufunguo, yaani neno la kutafutia. Kulia kazi, ndiyo thamani, yaani jibu linalotoka. Masoudi: kuchimba kaburi. Jamali: kuchimba kaburi. Akina mama mmoja mmoja, wa mwisho Hajra: kupika. Mwisho kabisa mtani wangu Hemedy: kuchimba, achoke kama wenzake.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo! Msibani hakuna anayeuliza Masoudi anafanya nini. Wanauliza nani anachimba. Basi nimegeuza: kazi iwe ufunguo, jina liwe thamani. Kompyuta haikulalamika. Majina yamekuwa machache, yanapendeza. Nikaiagiza itume ujumbe kwa wahusika nikishafariki. Nahisi nimebonyeza pasipofaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa! Jirani yetu Hajra kapata ujumbe wa msiba, kaingia akilia, kanga kichwani, akanikuta nabangua korosho. Kilio kikakatika. Hasira zikaanza. Msiba gani huu apike yeye peke yake, Nachingwea na Ruangwa nzima wale kwa mikono yake miwili? Akina mama wengine wamekwenda wapi? Hata mimi sijui! Sikuzani akausoma ujumbe. Akaketi chini. Akaniuliza kwa nini Hajra ajue kabla yake. Nikaendelea kubangua korosho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hemedy kaja kwa bodaboda kutoka Mandawa, jembe begani. Akanilaza mkekani, akanipima kwa kamba. Nyoosha miguu, mwalimu, nisichimbe bure! Kwa kuwa ameachiwa kazi peke yake, akasema, atanichimbia kaburi la kuchuchumaa. Sikuzani akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Mimi sikucheka. Masoudi yuko wapi? Jamali yuko wapi?

Jumamosi, 11 Oktoba

Binti yetu Rukaiya, anayefundisha kompyuta mjini, amekagua orodha yangu. Akasema, baba, ufunguo mmoja hubeba thamani moja. Uliposema kuchimba ni Masoudi, kisha kuchimba ni Jamali, kisha Hemedy, kila aliyekuja alimfuta aliyetangulia. Kila kazi iwekee kundi zima la watu, siyo mtu mmoja. Nikamjibu hilo nalijua tangu zamani.

Alipoondoka nikageuza upya, majina kushoto, ili waliopotea warudi. Wamerudi Hajra na Hemedy tu. Nikageuza tena. Hemedy na Hajra. Huenda haijageuka vizuri.

Sikuzani akauliza kutoka jikoni kama sasa nina watu wa kunizika. Nikamwambia wamejaa tele.

Niandike ukweli, kabla Hemedy hajamaliza shimo. Kugeuza nyuma mbele ni mada niliyoifundisha kidato cha nne mpaka nikastaafu. Sikuwahi kuielewa. Nilikuwa nawaambia wanafunzi haiji kwenye mtihani.