Ndoa kwa Ajili ya Kura

Jumanne, 6 Oktoba
Dhuluma! Bristol nzima inakunywa bia ya wagombea, mimi nameza mate dirishani. Eti sina kura! Jirani yangu Jabez Crouch, fundi mapipa, anayo, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mwanamji halali, mwenye haki zote za mji. Basi amejifunga utepe wa buluu, rangi ya chama chake, kifua kizima. Leo kanigongea ukuta kuniuliza kama nina kiu. Mshenzi! Wakala wa Buluu amemwahidi kazi forodhani: koti la vifungo vya shaba, kiti karibu na moto. Na mimi nife nikiyeyusha mafuta ya mishumaa? Kiti kile nitakikalia mimi.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimepata! Kwa sheria ya mji wetu, ukimwoa binti au mjane wa mwanamji halali, nawe unakuwa mwanamji, na kura unapiga. Mbio mpaka gatini kwa Bi Hester Pobjoy, mjane wa mwanamji halali, muuza chaza. Nikamwambia nampenda tangu zamani. Akauliza tangu zamani ipi, ya uchaguzi huu au uliopita. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akanipapasa mabega, akakubali. Mabega ya nini? Wakala naye kafurahi. Kaahidi kiti ni changu, mradi nipige kura kabla ya Crouch kuchukua koti.

Ijumaa, 9 Oktoba
Foleni kanisani! Kila mwanamume asiye na kura kaamka na mapenzi. Mchungaji, sauti imemkauka, nusura aniozeshe bibi wa mtu mwingine. Tukatoka hapo hadi Ukumbi wa Mji, nikala kiapo. Mwanamji halali! Crouch kaniita bwana harusi wa serikali. Wivu tu.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimeonewa! Mchana kutwa nilikuwa chini ya jukwaa, pale mtu anapopanda na kumtaja mgombea wake kwa sauti, umati ukisikia. Wapinzani wetu, chama cha Njano, walinirushia paka aliyekufa. Nilivumilia. Kila zamu yangu ilipofika nilimpisha wa nyuma, maana kura ya mwisho ndiyo inayobembelezwa. Hesabu zikakaribiana. Wakala akaja ananisihi nipande, jasho linamtoka. Nikamwambia aongeze nyumba. Akaapa atanipa! Nikakanyaga ngazi. Papo hapo mgombea wa Njano akainua kofia, akasema amechoka, anajitoa. Uchaguzi umefungwa! Wakala akanipita kama hanijui. Koti kavishwa Crouch.

Hester alikuwa akiningoja na mkokoteni wa mapipa ya chaza.

"Kura imekwisha, mume wangu," akasema. "Mapipa bado."

Jumatatu, 12 Oktoba
Mgongo hauinuki. Nanuka chaza. Nimepita forodhani na mzigo, Crouch kaninyanyulia kikombe kutoka kwenye kiti changu. Kiti changu! Nikamwendea wakala anifungulie ndoa. Akanijibu kwamba chama hufungisha tu.

Lakini nimesikia jambo. Mji wa Taunton wanachagua Alhamisi, na kule hakuna habari za wajane. Mwenye kuchemsha chungu chake kwenye jiko lake, basi, mpiga kura! Hester yuko gatini. Chungu chake kikubwa nimekifunga mgongoni, naondoka sasa hivi. Jiko nitalipata hukohuko.

Na safari hii simpandii mtu jukwaani kwa pupa. Nitawapisha wote.