Hardy Ishirini wa Kilembe

Wananchi wa Kasese na Bwera walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayeoa, kuolewa wala kuzikwa kwa jina ambalo chimbuko lake halijathibitishwa na Kamati ya Asili ya Majina ya Ukoo. Tangazo lilipokelewa kwa utulivu mkubwa, maana mvua ilikuwa inapiga mabati na hakuna aliyesikia.

Mzee Ephraïm Hardy alisikia. Jumamosi baada ya Jumatatu hiyo mjukuu wake Mbambu alikuwa aolewe na Fidèle Hardy wa Bwera, na mbuzi wa mahari walikwisha kuzoea zizi lake pale Rukoki. Akavaa koti, akachomeka kalamu mbili mfukoni, akaenda ofisini kwa Kamati.

Mwenyekiti, Bwana Tumwesigye, alikuwa ametandika mezani blanketi la miraba ya kijani na nyekundu.

"Hiki ni kitambaa cha ukoo wa Hardy wa Uskoti. Utafiti umekamilika."

"Blanketi hili nililiona sokoni Mpondwe, mheshimiwa. Kwa Wakongo."

"Ndiyo. Utafiti ulipitia Mpondwe."

Ripoti ya kurasa tisini ilithibitisha kwamba Hardy wote ni damu moja, wazao wa mchunga kondoo mmoja wa Uskoti. Kwa hiyo Mbambu na Fidèle ni ndugu, na harusi imefutwa.

Ephraïm alieleza kwa adabu. Zamani, mgodini Kilembe, zamu moja ilikuwa na watu ishirini chini ya msimamizi Mskoti, Bwana Hardy. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, basi karani wa mgodi akajikuta na akina Baluku saba na akina Bwambale sita. Kichwa kikamuuma. Akawaandika wote kwa jina la msimamizi, Hardy wa Kwanza hadi Hardy wa Ishirini.

"Baba yangu alikuwa wa Nne. Huyo Mskoti hakuacha hata paka hapa."

"Muzee, karani hakosei. Wewe iko Mskoti. Zoea tu."

Ephraïm, ambaye shule ya usiku ilimfundisha kusoma hati mpaka chini, aliuliza kama uamuzi unawahusu pia Hardy waliokwisha kuoana.

"Wote. Ndoa inavunjika, mbuzi wanarudi."

"Na waliobadili jina?"

"Damu haibadiliki."

"Hiyo haimo humu ripotini. Iandike, mheshimiwa. Watu wa huku ni wajanja."

Mwenyekiti alifurahi kumpata raia mwenye ushirikiano. Akamwamuru mpiga chapa wa Kamati, ambaye pia ni mkewe, Mabel, aongeze kifungu. Akatia saini, akagonga muhuri.

Ephraïm akavaa kofia. "Asante. Hardy wa Tisa angejivunia."

"Nani huyo?"

"Baba yako. Nilichimba naye miaka sita. Wewe ulijiita Tumwesigye ulipoingia sekondari. Ulisema Hardy inanuka mgodi."

Mwenyekiti akakohoa. "Hilo halina madhara."

Mabel aliacha kupiga chapa. Yeye alikuwa binti wa Hardy wa Kumi na Mbili, jambo lililojulikana kwa kila mtu Kilembe, na kwa mumewe pia, kabla hajawa na cheo.

"Kaka," alimwita mume wake wa miaka thelathini, "zile mbuzi zako baba alishakula. Nikuletee karatasi ingine, ama nifungashe?"

Kabla chai haijapoa, Kamati ilikuwa imefuta Uskoti.

Jumamosi Mbambu aliolewa. Zawadi ya mwenyekiti ilikuwa blanketi.